Mnaigusa

Siku ya nne leo, na bado naisikia sauti ya yule fundi wa pikipiki. "Madamu, hii moto haina ugonjwa. Mnaigusa sana."

Mnaigusa. Angesema "unaigusa" ningekasirika jioni moja, nikalala, yakaisha. Lakini ule wingi! Mimi na nani? Nafundisha Kifaransa mwaka wa 11 huu, najua mtoto aliyepita darasani akitaka kumheshimu mtu mzima humfanya wengi, kama "vous" ya Kifaransa, hata akiongea Kiswahili. Basi huenda ilikuwa heshima tu. Lakini hakuwa ananiangalia. Alikuwa ameinua jikleri ya Papa, kile kijipande cha kabureta kinachopitisha esansi, kwenye mwanga, jicho moja amelifumba, anachungulia kile kitundu kama mtu anayetafuta pa kupitisha uzi. Ni kijana wa miaka kumi na saba hivi, kandambili zimeliwa na esansi, petroli.

Mnaijua DT yenyewe, ile pikipiki ya Papa. Ilipanda kutoka Uvira juu ya lori baada ya matanga ya Papa, baba yetu, imefungwa kamba katikati ya magunia ya mchele. Kule iliwaka kwa teke moja, Papa hata kikombe cha chai haweki chini. Hapa Bukavu ikaamka kama mzee wa kifua: inakohoa, inajaza moshi uani, ukitia gazi inazama kwanza ndipo inakumbuka safari. Nikatoa buji, ile plagi ya cheche. Nyeusi, imelowa.

Mpaka hapo nilikuwa na akili. Buji nyeusi, imelowa, ni esansi nyingi kwa hewa kidogo. Nikatafuta video, bwana mmoja mpole akaeleza vizuri kabisa: kaza ile visi, skrubu ndogo ya pembeni ya kabureta, esansi itapungua. Nikakaza robo. Ikazidi kukohoa. Nikaongeza robo nyingine. Kadogo, mdogo wangu, naye akirudi jioni anaikuta inazimika, anapandisha ralanti, mwendo wa injini pikipiki ikiwa imesimama, haniambii. Asubuhi mimi nakaza, jioni yeye anapandisha. Mwezi mzima! Na kila mmoja wetu anamlaumu mama anayetuuzia esansi ya chupa pale kona, ambaye nadaiwa salamu ya pole.

"Nani amefunga hii?" kijana akauliza.

"Mimi. Ili ipunguze esansi."

"Hii ni ya hewa, Madamu."

Kumbe pikipiki ya yule bwana ilikuwa ya mipigo minne. Kwake visi imekaa upande wa injini, inachunga esansi. Yetu ni ya mipigo miwili, visi imekaa upande wa filtri ya hewa, inachunga hewa. Kila nilipokaza nilikuwa naibana pua, halafu nashangaa inahema.

Akaikaza mpaka chini kwa vidole viwili, bila nguvu, akairudisha mzunguko mmoja na nusu. Akawasha, akaiacha ipate moto. Kisha akaanza kuizungusha kidogo kidogo huku ameinamisha kichwa, hadi injini ikapanda yenyewe bila mtu kugusa gazi. Ndipo akaishusha ralanti ya Kadogo. Moshi ukapungua nikiwa naangalia. Hapo akarudia lile neno lake, na Kadogo, aliyekuwa ameegemea ukuta, akacheka. Akacheka! Mtu ambaye Jumamosi tumemtolea mahari, na mimi ndiye niliyejazia ile mbuzi ya mwisho.

Lakini haikuwa imekwisha. Akazima, akachomoa ile sindano ya ndani ya kabureta. Juu ina mikato mitano midogo, na kibanio kilikuwa kwenye wa tatu. Akakibandua kwa ukucha.

"Hiyo iache," nikasema. "Ndivyo baba yangu alivyoiweka."

Akasimama, sindano vidoleni. "Baba yenu aliiwekea Uvira."

Sikuwa na jibu. Ziwa la Uvira liko mita 770 hivi juu ya bahari, letu hapa karibu 1,460. Ramani iko ukutani darasani kwangu, nimeigeuzia mgongo miaka yote hiyo nikiandika ubaoni. Huku juu hewa ni nyepesi, na esansi iliyopimwa kwa hewa ya kule inakuwa nyingi. Akakipandisha kibanio mkato mmoja, sindano ikashuka kiasi hicho hicho.

"Mkishuka nayo Uvira, mrudishe kwenye wa tatu," akasema akifuta mikono. "Msiposahau. Mkisahau itakauka, pistoni itashika."

Mkishuka. Mrudishe. Baba yenu. Basi kwake tulikuwa wengi tangu mwanzo, na Papa yumo.

Sijui kwa nini hilo limenituliza. Jana alfajiri nimepanda nayo toka mtaa wa Essence hadi Panzi kwa vitesi, gia, ya tatu, haikukohoa hata mara moja, na nimejikuta nacheka peke yangu ndani ya kofia, motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, akanipita akigeuka kuniangalia. Nyumbani nimetoa buji: rangi ya karanga iliyokaangwa vizuri. Nimemwonyesha Kadogo. Kwa kalamu nimeandika 3 ndani ya kifuniko cha kisanduku cha vyombo, na pembeni: Uvira. Mwezi wa nane tutashuka kuangalia kaburi. Tutapitia mteremko wa Ngomo polepole.

Nakala 140 za mtihani ziko mezani, sijafungua hata moja. Sababu si pikipiki tena. Ni ukuta wa jirani wa huku juu. Jumapili nilichomeka kijiti cha kiberiti kwenye ufa, kikasimama kimebanwa. Leo nimekikuta chini. Nimechomeka viwili pamoja, vimeingia bila kusukumwa, na sasa hivi, saa nne ya usiku, mvua ndiyo inaanza kugonga bati.