Mikumi na familia nzima kwa hela ya kawaida, hivi ndivyo tulivyofanya

Kila niliyemwambia tunawapeleka watoto Mikumi aliniuliza swali moja, hela mmetoa wapi? Nawaelewa, maana wengi wetu tumekua tukijua hifadhi ni ya wazungu, lakini ukikaa chini na karatasi ukapiga hesabu unakuta getini sio penye gharama. Mtanzania mtu mzima kiingilio cha Mikumi hakifiki elfu kumi, mtoto analipa pungufu zaidi, na wa chini ya miaka 5 anapita bure kabisa, wakati mgeni kutoka nje anaanzia dola 30 na VAT bado. Kinachomaliza hela ni gari. Ukishalielewa hilo, safari yote unaipanga kuanzia kwenye gari.

Sisi tulikuwa mimi na mume wangu na watoto, mama mkwe, halafu wifi yangu na mumewe na watoto wao. Kukodi gari kutoka Dar mpaka Mikumi, karibu kilomita 280 kwenda tu, mafuta, dereva ale alale, tukasema hapana. Tukachukua treni ya SGR mpaka Morogoro. Daraja la kawaida ni 13,000 mtu mzima, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu yake, na chini ya saa mbili mmeshafika, tena watoto kwao treni peke yake ilishakuwa safari, wamebandika pua kwenye kioo tangu Pugu mpaka Ngerengere. Pale stesheni ya Morogoro hamjafika mjini, iko Kihonda, mnapanda daladala mpaka Msamvu halafu mnatafuta basi la Ifakara au Iringa, mwambieni konda kabisa mnashukia Mikumi mjini.

Na hapa ndipo utamu unapoanza mapema, kwa sababu barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi kilomita 50 hivi, na kupita tu hulipi kitu. Kaeni dirishani. Kuna matuta, kuna mabango yanayotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga, dereva anapunguza mwendo, na swala pala wako hapo pembeni wanakula majani kama mbuzi wa jirani. Watoto walipiga kelele basi zima likacheka, abiria mmoja akawa anawaonyesha twiga upande wa pili.

Tulilala gesti Mikumi mjini, mji uko ukishavuka hifadhi. Ni za kawaida, maji yapo, neti ipo, malori yanapita usiku kucha lakini kwa bei ile hulalamiki. Ukilala pale unaingia getini asubuhi geti likifunguliwa tu, na asubuhi ndio kila kitu, jua likishakuwa kali simba wanajilaza kwenye vivuli huwaoni. Gari tulikuwa tumeshaongea na dereva wa palepale siku nyingi kabla, lile la wazi juu, familia mbili tukagawana. Hiyo ndiyo siri kubwa, gari unalilipia kwa siku sio kwa kichwa, likiwa na viti vitupu hela yako inapotea, kwa hiyo tafuta ndugu au majirani mjaze. Malipo ya hifadhi usitegemee kushika noti dirishani, unapewa kontro namba unalipa kwa simu, hakikisha salio lipo, na watu wazima mbebe vitambulisho vya NIDA ili mtozwe bei ya wananchi.

Ndani tulienda moja kwa moja uwanda wa Mkata. Mbuga imefunguka, nyasi za kahawia maana ilikuwa kiangazi, pundamilia na nyumbu wamechanganyika, nyati wana vindege mgongoni. Dereva akazima gari karibu na tembo mmoja, akasema taratibu, "Bibi, waambie wajukuu wasipige kelele." Tukamwangalia yule tembo anavyokula. Anasugua nyasi chini kwa unyayo mpaka mizizi iachie, anaizungusha na mkonga, anaipiga kwenye goti udongo udondoke, ndio anaweka mdomoni, anarudia tena. Watoto kimya kabisa, hata yule mdogo. Mama mkwe akanigusa bega, "Mwanangu, miaka yote napita hapa kwa basi naenda Iringa, sikujua huku ndani kuko hivi."

Kwenye bwawa la viboko mnaruhusiwa kushuka, tukala palepale chakula chetu, chapati, mayai ya kuchemsha na wali kwenye hotipoti. Kula chakula chako kunaokoa hela nyingi, ila mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019 kwa hiyo beba kikapu, na msiache mabaki nje, nyani wanaona mbali. Kitu kingine, nguo za bluu iliyokolea na nyeusi acheni nyumbani, ndorobo wanazifuata na wanauma kweli, vaeni rangi za udongo. Na msiende Machi mpaka Mei, mvua za masika zikikolea kuna njia za ndani hazipitiki. Juni mpaka Oktoba ni poa, na Juni watoto wanapata likizo.

Hesabu ya mwisho, nauli zetu zote za treni kwenda na kurudi zilikuwa ndogo kuliko lile gari la siku moja. Ndio maana safari ijayo tumechagua Udzungwa, iko njia ya Ifakara hapohapo baada ya Mikumi, kule ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, gari la mbugani halihitajiki, unalipa kiingilio na mtu wa kuwaongoza, mnapanda mpaka maporomoko ya Sanje ambayo yana mita 170. Mama mkwe kasema magoti hayaruhusu, atatusubiri Mang'ula, pale lilipo geti la Udzungwa, na chakula. Kibubu kiko kwa wifi, kila wiki kila nyumba inatia kidogo, watoto nao wanatia chenji za dukani.