Prado yangu na miguu ya mbuni

Kazini naendesha Land Cruiser ile ndefu ya watalii, yenye paa la kunyanyua, injini ya 1HZ na tairi nyembamba za 7.50R16 za kutia tyubu. Nyumbani nina Prado ya 1998, ya injini ya 1KZ, rangi ya fedha iliyokwisha kuwa kijivu kwa vumbi la Karatu. Miaka kumi na moja nimepita Tarangire, Ndutu na Lobo na hizo tairi nyembamba za kazini, masika na kiangazi. Sasa niambieni, ni shetani gani aliyenituma, siku nilipopata hela ya kubadilisha tairi za Prado, nikanunue mipira minene kama mapipa?

Ni macho. Niliiona Prado nyingine Arusha, imesimama nje ya hoteli, tairi zimetokeza nje ya bodi, meno makubwa, herufi nyeupe ubavuni. Nikamuuliza dereva saizi, akasema 285/75R16. Zangu za kiwandani zilikuwa 265/70R16. Nikajiambia tofauti ni ndogo tu, ishirini huku na tano kule. Wiki hiyohiyo nikauza ng'ombe watatu.

Kama una gari la porini na hujawahi kukaa chini na kalamu, kaa sasa. Mimi nilikaa baada ya kununua. Ile 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 70 ni asilimia: ubavu wa tairi, kutoka ukingo wa rimu hadi kwenye meno, ni asilimia 70 ya huo upana, yaani milimita 185.5. R watu wengi wanadhani ni rimu, hata wauzaji. Ni radiali, namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, ambacho ni milimita 406.4. Ubavu uko juu ya rimu na uko chini yake, kwa hiyo unauhesabu mara mbili: 371, jumlisha 406.4, unapata kama 777. Hicho ndicho kimo cha tairi langu la zamani. Fanya hivyo kwa 285/75R16, unapata 834. Yaani ile "ishirini na tano" yangu ilikuwa milimita 57 za kimo, zaidi ya asilimia saba. Na gari lenyewe halikunyanyuka 57, lilinyanyuka nusu yake, kwa sababu nusu nyingine inabaki juu ya ekseli. Ng'ombe watatu kwa unene wa kidole gumba.

Shida ya kwanza niliipata kabla sijatoka gereji. Nikikata usukani mpaka mwisho, tairi linakula plastiki ya ndani ya madigadi, krrr. Fundi akaniambia si neno, akaenda kuleta grainda akate. Nikamwambia ngoja kwanza. Akasema basi tunyanyue springi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba tairi ukilipandisha saizi kupita kiasi linakudai vitu vingine: springi, shokomzoba, madigadi, na gari likishanyanyuka linaanza kudai mambo ya usukani. Nikaondoka na krrr yangu.

Shida ya pili ilinitokea Makuyuni. Saa za mwendo za magari haya kutoka kiwandani huzidisha kidogo. Mshale ukiwa 52, simu ilikuwa inaniambia naenda 49, na kwenye vibao vya 50 nilikuwa natembea hivyo miaka yote, bila wasiwasi. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko mmoja linakula barabara ndefu zaidi, lakini saa inahesabu mizunguko tu. Trafiki akanisimamisha, akanionyesha tochi yake ya kupimia mwendo: 53. Nikabisha kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani. Elfu thelathini. Tochi ilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekuwa na saa ya uongo. Hata kilomita zilianza kupungua. Arusha hadi Karatu niliyozoea kuisoma 140 ikawa 130, nikafurahi kijinga kwamba barabara imefupishwa, kisha nikafika kituo cha mafuta nikaona gari linakunywa kuliko zamani hata nikiirekebisha hesabu hiyo ya uongo.

Maana uzito nao upo. Nilipima kwa mizani ya kupimia mahindi: tairi la zamani na rimu yake kilo 28, jipya kilo 38. Kilo kumi kwenye tairi si sawa na kilo kumi za unga nyuma ya gari, kwa sababu hizi injini inabidi izizungushe na breki inabidi izisimamishe, kila mara. Ile kona ya kupanda kutoka Mto wa Mbu, ambayo Prado ilikuwa inaimeza na gia ya tatu, ikawa ya pili, na mshale wa joto unanyanyuka polepole kama mtu anayeamka kwenye kikao. Na spea ya Prado inaning'inia mlango wa nyuma. Kilo kumi za ziada zikavuta bawaba, mlango ukawa haufungi mpaka uunyanyue kwa goti. Mama watoto alikuwa ameshika mtoto mkono mmoja na ndoo mkono mwingine siku aliyoligundua hilo. Sitarudia aliyosema.

Yote hayo ningeyavumilia. Nilijiambia ni gharama ya kuwa na gari la porini kweli. Kilichonimaliza ni Aprili, njia ya Mang'ola.

Nilikuwa nakwenda kwa mjomba kuchukua vitunguu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Anayeujua udongo mwekundu wa Karatu anajua: ukikauka ni tofali, ukilowa ni sabuni. Chini kuna ardhi ngumu kabisa, juu kuna utelezi wa vidole vinne. Nikaingia kwenye kamteremko, nimeweka gia ya kuvuta magurudumu yote manne, nina kiburi changu chenye herufi nyeupe, na gari likaanza kwenda kwa ubavu, polepole, kwa heshima, mpaka likalala mtaroni. Nikakanyaga mafuta. Yale meno makubwa yakajaa udongo, yakawa laini kama chapati. Magurudumu yanazunguka, gari limetulia.

Dakika ishirini baadaye nikasikia 1HZ inapanda kutoka upande wa Eyasi. Mwenzangu tunayefahamiana siku nyingi, anarudisha wageni waliokwenda kuwaona Wahadzabe. Land Cruiser ndefu, watu saba ndani, tairi za 7.50. Ikapanda ule mlima wa sabuni kama inapanda ngazi. Akasimama palipo pagumu, akashuka na kamba ya kuvutia, akaziangalia tairi zangu, hakusema kitu. Wageni walinipiga picha nyingi kuliko alizopata simba yeyote wiki ile.

Jioni nikaenda kwa mzee mmoja hapa mjini, fundi wa tairi tangu enzi za Land Rover za mkaa, kama anavyozitania mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Akaitikia marahaba, akaendelea kufungua pete ya rimu ya Canter kwa nyundo. Kisha akaniuliza, "Kijana wangu, sufuria ya uji imeshika chini. Utafika chini kwa mwiko au kwa kisu?"

Maana yake ni hii. Kwenye utelezi wenye ardhi ngumu chini, unataka tairi likate lifike kule chini kwenye ugumu. Uzito wa gari ni uleule. Ukiuweka juu ya tairi nyembamba, unakaa kwenye eneo dogo, tairi linazama vidole vinne na kushika. Ukiuweka juu ya tairi pana, unaelea juu ya sabuni. Ndiyo maana Land Cruiser za kazi zimedumu na 7.50R16, ambayo upana wake ni kama sentimita 20 na ushee tu, lakini kimo chake ni karibu milimita 805. Nyembamba na ndefu. Mzee aliziita miguu ya mbuni, na zangu akaziita miguu ya kiboko.

Nilimbishia kidogo kuhusu mchanga, na hapo akanikubalia. Kwenye udongo mweusi wa Tarangire upande wa Silale, mahali ambapo tope halina sakafu, kisu nacho kinazama mpaka mpini. Nimeshalala huko na gari la kazi, hakuna saizi iliyonisaidia isipokuwa ya trekta. Kwenye mchanga na majivu ya Engare Sero, ukielekea Natron, unataka kuelea. Lakini ili kuelea si lazima ununue upana. Punguza upepo. Tairi la kimo kirefu ukilishusha kutoka PSI 36 hadi 20 (PSI ni kipimo cha upepo), linalala chini na alama yake inarefuka mbele na nyuma, kama unyayo, na gari linatembea. Mwendo usizidi 40, kona usizikate kwa hasira, na ukifika panapo ugumu urudishe upepo. Mimi natembea na pampu ndogo ya kushika kwenye betri. Tahadhari moja: hili ni la tairi lisilo na tyubu. Tairi la tyubu ukilishusha sana linajizungusha kwenye rimu, linaiburuta tyubu na kung'oa valvu ya kutilia upepo. Kwa hiyo gari la kazini huwa silishushi sana, nachimba kwa koleo kama mababu.

Na mawe yale ya Natron, ya volkano, yanakata kama chupa. Ukiwa na tairi lililotokeza nje ya bodi, ubavu ndio unaotangulia kukutana nayo, na pancha ya ubavuni hakuna fundi wa kuiziba.

Nikamwuliza mzee, basi nifunge 7.50 kwenye Prado? Akacheka. Rimu ya 7.50 ni ya inchi tano na nusu au sita. Ya Prado yangu ni saba, tairi lingekaa limepanuka miguu. Na rimu za kazini siwezi kuazima, ile ni ya nati tano, Prado ni nati sita. Akanitajia saizi ambayo sikuwahi hata kuitamka: 235/85R16. Ndiyo ya Land Rover Defender 110, kwa hiyo Arusha haikosekani. Hesabu: asilimia 85 ya 235 ni 199.75, mara mbili, jumlisha rimu, unapata 806. Kimo kilekile cha 7.50, haina tyubu, na rimu ya inchi saba inaibeba. Nyembamba kuliko hata za kiwandani kwa sentimita tatu, ndefu kwa karibu tatu vilevile. Saa inadanganya kwa asilimia tatu na nusu na kitu, ambayo kwangu inakaribia kufuta ule uongo wa kiwandani. Sasa mshale na simu vinaelewana karibu kabisa.

Kununua nako kuna mambo. Duka la kwanza niliambiwa tairi ni jipya kabisa, halijatembea. Kweli halikuwa limetembea. Nikainama na tochi ya simu, nikatafuta tarakimu nne mwisho wa yale maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT: 2316. Wiki ya 23, mwaka 2016. Limekaa rafu miaka yote hiyo likikauka, na ukilikunja unaona vijiufa. Nikaaga. Usione haya kuinama. Muuzaji akikasirika, jibu umeshalipata. Soma pia namba ya uzito iliyo baada ya saizi. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 120 ni kilo 1,400. Kwa safari za vitunguu nilichukua 120, na najua nililolipia: tairi la kubeba mzigo ni gumu, gari likiwa tupu kwenye ile barabara ya mikunjo kama bati kutoka Olduvai hadi Naabi, meno yanagongana kinywani. Mama watoto anasema Prado imekuwa Canter. Nikishusha hadi 28 anasema imekuwa Canter nzuri.

Sura, sitawadanganya, imepotea. Gari limesimama kama kijana aliyerefuka ghafla na suruali ya mwaka jana. Watoto wa jirani wanaliita Mbuni, sijui walimsikia mzee au wamejionea wenyewe. Mvua za mwaka huu nimekwenda Mang'ola mara nne. Kwenye kale kamteremko linateleza bado, sabuni ni sabuni, lakini linateleza kidogo, linashika, linateleza kidogo, linashika, na mlango wa nyuma unafungwa kwa kidole.

Zile nene nilimwuzia kijana mmoja wa Njiro mwenye Prado kama yangu. Nilimweleza yote haya, tena nikamwandikia hesabu kwenye karatasi. Akaitazama karatasi, akazitazama herufi nyeupe, akatoa hela. Juzi kanipigia simu. Anauliza kama namfahamu fundi mwenye grainda.