Ile 35.5 ya klorini inatoka wapi?

Jamani hii mada ya isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazopishana idadi ya nyutroni, watu wengi wanaikariri tu ili wapite mtihani, na inaniuma kwa kweli manake ni kati ya vitu vitamu kabisa kwenye kemia.

Angalia klorini kwenye jedwali la elementi, masi yake imeandikwa 35.5. Sasa masi ya atomu karibu yote iko kwenye protoni na nyutroni, na kila moja tunaihesabu kama 1, nusu nyutroni haipo, hiyo nusu imetokea wapi? Ni hivi, hakuna atomu hata moja ya klorini yenye masi ya 35.5. Kuna za 35 na kuna za 37, zimechanganyika, katika kila nne kama tatu hivi ni za 35 na moja ni ya 37, ukipiga wastani ndo inakuja 35.5. Zote zina protoni 17 ndo maana zote ni klorini, ila moja ina nyutroni 18 na mwenzake 20, basi.

Mwanasayansi John Dalton mwanzoni mwa miaka ya 1800 alisema atomu za elementi moja zinafanana zote mpaka uzito, na watu wakaenda na hilo kama miaka 100 hivi mpaka 1913 mwanakemia Frederick Soddy alipoleta wazo la isotopu.

Alafu kinachonifurahisha zaidi, hizo klorini mbili zikikutana na sodiamu zote zinatoa chumvi ileile, kwa sababu kazi ya kuungana ni ya elektroni na elektroni zinafuata idadi ya protoni, nyutroni hazina usemi hapo. Isipokuwa haidrojeni! Yenyewe ni nyepesi mno, kiini chake kawaida ni protoni moja tu, ukiongeza nyutroni moja masi inakuwa mara mbili na inaitwa dyuteri. Maji yaliyotengenezwa na dyuteri, yaani maji mazito, yanaganda kwenye nyuzi karibu 4 badala ya 0, na barafu yake ukiiweka kwenye maji ya kawaida inazama. Inazama kabisa!

Kitu kingine, isotopu sio lazima iwe na mionzi, hapa wengi wanachanganya. Kaboni 12 na 13 zimetulia, ni kaboni 14 ndo haijatulia, ina protoni 6 na nyutroni 8, nyutroni moja inageuka protoni, zinakuwa 7, na hapohapo sio kaboni tena ni nitrojeni. Inaenda taratibu sana, nusu yake inaisha kwa miaka kama 5,730, ndo maana wanaitumia kupima umri wa mifupa na mbao za kale. Lakini bati lina isotopu 10 zilizotulia, kumi nzima, na zote ni bati.