Gari la saa sita usiku lingenishusha Pigalle

Katika Midnight in Paris, filamu ya Woody Allen ya mwaka 2011, kila anayetamani zamani hupewa usafiri wake, na hilo ndilo linalonirudisha kwayo kila mara. Gil, mwandishi wa filamu kutoka Hollywood, ameketi kwenye ngazi za kanisa la Saint-Étienne-du-Mont. Kengele inagonga saa sita usiku, Peugeot kuukuu inasimama, waliomo wanamwita apande, na mara yuko miaka ya 1920 akinywa na mwandishi Hemingway na kumpelekea mwandishi mwenzake Gertrude Stein muswada wake ausome. Halafu anampenda Adriana, binti wa enzi hiyohiyo, ambaye haoni la maana katika miaka yake. Yeye anatamani miaka ya 1890. Gari la farasi linawapeleka huko, na huko wachoraji Gauguin na Degas wanalalamika kwamba enzi yao haina kitu, heri ile ya Renaissance, karne kadhaa kabla yao.

Wengi huishia na somo hilo, kwamba kila kizazi hudhani cha kabla yake kilikuwa na raha zaidi. Ni kweli. Ila mimi hubaki najiuliza gari lingenishusha wapi.

Majuzi niliitazama na shangazi, aliyekuja kututembelea kutoka Kigali. Josephine Baker, mcheza dansi mweusi kutoka Marekani, alipotokea akicheza, shangazi alinishika mkono: “Huyo si Sonia Rolland?” Ndiye. Amezaliwa Kigali, akawa Miss Ufaransa wa mwaka 2000, na kwenye filamu hii ndiye Josephine. Josephine mwenyewe alikuwa na miaka 19 tu alipokuja Paris mwaka 1925 na onyesho la dansi na muziki la La Revue Nègre. Tunamwona kidogo, kisha kamera inarudi kwa Gil na mapenzi yake. Hapo ndipo ningeomba nishushwe.

Ningeshuka Rue Pigalle, mtaa wa Paris, mwaka 1924, mlangoni pa klabu ndogo iitwayo Le Grand Duc. Meneja ni Eugene Bullard, Mmarekani mweusi aliyerusha ndege za kivita upande wa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Jikoni, akiosha vyombo, yuko Langston Hughes, mshairi kijana, Mmarekani mweusi aliyeingia Paris na dola 7 mfukoni. Mwaka huohuo anafika mwimbaji Ada Smith, ambaye nywele zake nyekundu zilimpa jina la Bricktop. Amevuka bahari kwa ajili ya kazi hii, na alipouona ukumbi ulivyo mdogo aliangua kilio. Aliyemtuliza na kumpa chakula ni yule mwosha vyombo. Cole Porter, mtunzi wa nyimbo tunayemwona kwenye filamu akipiga piano, baadaye alimwita Bricktop awafundishe wageni wake kucheza dansi ya Charleston. Kwa hiyo Peugeot ya Gil haikuwa mbali na Pigalle hata kidogo.

Gil anakwenda kwa watu ambao tayari wana majina makubwa moyoni mwake. Ndiyo maana anababaika kila anapotambulishwa. Mimi ningetaka kumkuta Hughes kabla jina halijawa na uzito wowote, wakati wanamuziki waliomaliza kazi kwenye klabu nyingine wanaingia alfajiri, wanapiga jazi kwa furaha yao wenyewe, naye anasikiliza huku mikono imelowa. Mashairi yalikuwa tayari yanaandikwa. Kitabu chake cha kwanza, The Weary Blues, kilitoka mwaka 1926. Mle jikoni hakuna aliyekuwa akiiita ile enzi ya dhahabu. Walikuwa na kodi ya chumba ya kuwaza. Adriana naye yumo katikati ya enzi yake na haioni, na kwangu huo ndio ukweli mzito kuliko wote katika filamu hii.

Tena zile ngazi za Gil zipo jirani kabisa na Panthéon, jengo ambamo Ufaransa huwaenzi watu wake mashuhuri. Tarehe 30 Novemba 2021, miaka kumi baada ya filamu, Josephine Baker aliingizwa humo kwa heshima zote za taifa. Mwili ulibaki Monaco alikozikwa, na jeneza likabebeshwa udongo, ukiwemo wa St. Louis, Marekani, alikozaliwa. Shangazi hakuwa akijua kwamba ni palepale. Aliniomba nirudishe ile sehemu ya ngazi, akaitazama upya.

Sasa anataka kusoma habari za Bricktop. Nimempa kwanza The Big Sea, kumbukumbu za Hughes za mwaka 1940, kwa sababu lile jiko la Grand Duc limo humo.