Kilindini, siku za bamvua

Bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likijaa, meli iliyofungwa gatini Kilindini, bandari ya Mombasa, hupanda zaidi ya mita 3 kutoka pale ilipokuwa maji yalipokupwa, na ngazi hupanda nayo. Baharia wa zamu asipoirekebisha, ncha ya chini huning'inia hewani. Kasisi wa bandari kama mimi, anayepanda melini kuwatembelea mabaharia, hutazama hapo kwanza, kisha wavu ulio chini ya ngazi. Mzigo unakaa mgongoni, mikono yote miwili ishike.

Juu pale zamu anatakiwa aombe kitambulisho, aandike jina daftarini na atoe kadi ya mgeni. Ndiyo kanuni ya usalama wa meli na bandari tangu Julai 2004. Asipouliza chochote, mimi huanza kuishuku meli yenyewe: watu wamechoka, au hakuna anayejali tena.

Saa nzuri ni saa nne asubuhi au saa tisa alasiri, wakati wa kahawa. Meli ya makontena huenda isimalize siku mbili. Ya ngano au klinka, malighafi ya saruji, hukaa zaidi, na huko ndiko maneno hutoka. Lakini kwanza intaneti. Kifaa kimoja cha kusambaza Wi-Fi kinawatosha watu 20, mradi kila mmoja azime masasisho ya simu yake. Simu moja tu ikianza kujisasisha, kifurushi chote kimekwisha na wengine hawajaona sura za watoto wao.

Habari za mishahara usiziulize mbele ya nahodha. Nenda jikoni. Mpishi anajua nyama iliisha lini na nani hajatumiwa pesa nyumbani. Chini ya Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, mshahara hulipwa angalau kila mwezi. Ukikatika miezi 2, baharia anahesabiwa kuwa ametelekezwa. Tangu Januari 2017 meli lazima iwe na bima ya kumrudisha nyumbani na kumlipa hadi miezi 4 ya malimbikizo. Cheti cha bima hiyo hubandikwa mahali pa wazi, kwa hiyo kukisoma hakuhitaji ugomvi na mtu. Soma tarehe ya mwisho.

Kosa la haraka ni kupiga simu kwa wakaguzi wa kazi za mabaharia kabla mabaharia hawajakubali. Wanaogopa orodha za wasioajiriwa tena, na hofu hiyo si ya kubuni. Waambie tu wasisaini karatasi ya "nimelipwa yote" ili wapewe tiketi ya kurudi nyumbani.

Na sala? Huombwa, mara nyingi baada ya haya yote, wala si na Wakristo peke yao. Baharia wa Indonesia huuliza kibla. Kutoka Mombasa ni karibu kaskazini kamili, ila meli ikigeuzwa au kuhamishiwa gati jingine, alama aliyoichora ukutani chumbani kwake haifai tena.