Bafu la mama

Jumamosi usiku

Kuta za chumba cha nyuma zimefika kwenye linta, na wiki ijayo fundi bomba anaanza kazi. Zege la sakafu likishamwagwa, choo hakihami tena, kwa hiyo leo nimeshinda na futi kamba na karatasi nikipanga bafu la mama. Anahamia kwetu hapa Tanga kabla ya Ramadhani. Magoti yanamsumbua, na usiku huamka mara mbili tatu kwenda haja. Mwendo wake huo wa usiku, kutoka kitandani mpaka chooni na kurudi, ndio nilioufanya msingi wa ramani nzima.

Nyumba nyingi huku kwetu choo huwekwa mwisho kabisa, chini ya dirisha, na mahali pa kuogea panakuwa katikati. Anayekwenda haja lazima akanyage maji ya aliyeoga kabla yake. Kijana hataliona hilo kuwa shida. Mtu mzima mwenye usingizi machoni na kandambili miguuni ataanguka hapo hapo. Chumba changu ni mita 2.4 kwa 1.8, mlango uko kusini, basi nimegeuza mpango: choo karibu na mlango, sinki dogo katikati, na sehemu ya kuogea mwisho, chini ya dirisha, ambako jua na hewa vitakausha sakafu. Akiamka usiku hagusi kabisa upande wa maji.

Fundi bomba hakupenda. Chemba, shimo linalopokea maji machafu, iko nyuma ya nyumba, upande wa kaskazini, na njia fupi kwake ilikuwa kuegemeza choo kwenye ukuta huo. Lakini ukiwa Tanga, Kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, na mama hatakubali choo kinachoelekea Kibla wala kinachokipa mgongo. Kwa hiyo choo kitaegemea ukuta wa magharibi na kutazama mashariki. Bomba la inchi 4 litatoka nje kupitia ukuta huo, kisha lifuate msingi mpaka kwenye chemba. Nimemwomba alipe mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita, na anapokata kona atumie mbili za digrii 45 badala ya moja ya 90, kwa sababu uchafu hupenda kukwama kwenye kona kali. Gharama imeongezeka kidogo. Ila bomba likiziba tutalizibua tukiwa nje, bila kuvunja sakafu mama akiwa ndani.

Jioni nikachora kila kitu kwa chaki juu ya kifusi, nikaweka kiti cha plastiki pale pa choo, nikamwomba mama akae na kusimama kama kawaida yake. Nilitaka kuona mkono unakwenda wapi. Mara zote ulikwenda kulia, ukatua ukutani na kuteleza. Pale ulipotua nikapiga alama, na ndipo bomba la kushikia litakapofungwa. Kisha akanyoosha mkono kuelekea nafasi ya sinki, akasema, "Mwanangu, mimi hapa ndipo ningeshika." Hilo limenifumbua macho. Mtu anayeteleza hachagui. Atashika sinki, koki, hata chuma cha kutundikia taulo, na hakuna hata kimoja hapo kilichofungwa kubeba uzito wa mtu. Kwa hiyo na upande wa sinki patakuwa na bomba la kushikia, na jingine kule kwenye kuogea. Yote yafungwe kwa bolti ndefu zilizoingia kwenye tofali lenyewe, tena yaachane na ukuta kama sentimita 4 ili vidole vizunguke bila mkono kupenya ukanasa.

Choo nimechagua cha kimo cha sentimita 45 na ushee. Vile vifupi vinamlazimisha ajiinue kutoka chini sana, na goti ndilo linalolipa.

Sakafu haitakuwa na kizingiti cha kuzuia maji, maana kizingiti usiku ni mtego. Maji yatazuiwa na mteremko: sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji machafu. Fundi marumaru asipokuwa makini hapa, maji yatatuama karibu na choo na mpango wote utakuwa kazi bure. Marumaru za kung'aa dukani ni nzuri mno, nakiri zinavutia, lakini ni za ukutani. Za chini nimechukua zenye mkwaruzo, boksi limeandikwa R11, alama ya kiwango cha kutoteleza. Mama haogi kwa shawa, anataka ndoo, kata na kiti chake, basi koki iwe ya kimo ambacho anaijaza ndoo akiwa amekaa, bila kuinama wala kubeba.

Kipupwe atahitaji maji ya moto. Hita ya papo kwa papo ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, na fundi umeme alitaka kuiunganisha kwenye waya wa taa. Nimekataa katakata. Itapata waya wake yenyewe kutoka kwenye bodi, wenye ati, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, pamoja na kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30. Kama hela haitatosha sasa, tutachemsha maji jikoni na mimi nitambebea. Swichi ya taa itakuwa nje ya mlango, na taa yenyewe iwe ya kuchaji, umeme ukikatika isizime.

Umebaki mlango. Seremala anasema ukifungukia nje utaziba korido. Na uzibe. Mtu akianguka kwenye chumba kidogo, mara nyingi mwili unalala nyuma ya mlango, na mlango unaofungukia ndani hautasukumika. Nimemwandikia vipimo ukutani kwa penseli: upana wazi sentimita 80, bawaba upande wa mashariki, ufunguke nje, kitasa kile kinachoweza kufunguliwa kwa nje kwa sarafu.