Kupima madini ya risasi (lead) kwenye maji ya bomba
Wengi wanaopeleka maji maabara huharibu kipimo jikoni kwao kabla ya kufika huko. Wanafungua koki, wanayaacha maji yatiririke "yawe safi", ndipo wanakinga. Hapo umeshamwaga yale uliyotaka kuyapima! Risasi hutoka kwenye koki za shaba, viungio vilivyochomelewa kwa risasi na mabomba ya zamani, na huingia majini yakiwa yametulia humo.

Kwa hiyo usiku funga koki ya jikoni, isiguswe kwa saa 6 au zaidi. Msala na bafu pia visitumike. Asubuhi, kabla ya chai, kinga lita 1 ya kwanza kwenye chupa safi ya maabara yenye mdomo mpana. Iwe maji ya baridi, koki ifunguliwe kama kawaida. Chujio la mdomoni mwa koki usilitoe, maana chembe za risasi hukwama hapo na unazinywa kila siku.

Kinga chupa ya pili baada ya dakika 2 au 3 za kutiririsha. Ya kwanza ikiwa na risasi nyingi na ya pili kidogo, shuku koki na viungio vya karibu. Zote zikiwa na risasi nyingi, tatizo liko mbali zaidi: bomba linaloingia nyumbani, au hata tangi.

Kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 10 kwa lita. Vijikaratasi vya kupimia vinavyobadilika rangi sivipendi, kwani mara nyingi havizioni chembe. Na kuchemsha hakuondoi risasi. Maji hupungua, yenyewe inabaki.